Mshipi wa kuvulia kina kirefu Ziwa Nyasa: usinunue unaonyumbuka

Malalamiko yanayonifikia kutoka Matema, Itungi na mwambao wote wa Kyela yanafanana. Mtu ameshusha mshipi pima arobaini na ushee, chubwi imegusa chini, anasubiri. Akija kupandisha, ndoana tupu. Chambo kimeliwa na mkono haukusikia lolote. Wengi wanalaumu ndoana, wengine chambo, na muuza duka akiulizwa anawapa mshipi mnene zaidi. Wanalipa, wanarudi majini, na tabu iko pale pale.

Sitazungumzia sana kilo hapa, yaani uzito ambao mshipi unabeba. Kilo zimeandikwa kwenye kila boksi. Kisichoandikwa ni kunyumbuka, na kwenye kina kirefu hicho ndicho kinachokula riziki yako. Chukua nailoni ya uzi mmoja, ile inayong'aa inayouzwa kila mahali. Shusha mita 80, yaani pima kama 45. Ikinyumbuka asilimia 10 tu, hizo ni mita 8. Mkono wako ukikupua kwa nguvu zote unasogea mita moja, labda moja na nusu. Mkupuo wote unaishia ndani ya mshipi, ndoana huko chini haijatikisika. Samaki naye akigusa chambo, mguso wake unapotea njiani vivyo hivyo. Tena nailoni hunywa maji: ikishalowa inalegea zaidi na nguvu inapungua, kwa hiyo mshipi uliouvuta dukani ukiwa mkavu sio ule utakaokuwa nao usiku ziwani.

Na kwetu kina hakiko mbali. Pale Matema, chini ya Milima ya Livingstone, ardhi inaporomoka majini ghafla. Ukipiga kasia kidogo tu tayari uko kwenye giza la maji. Ziwa linafika karibu mita 700, ila chini ya mita 200 na kitu hakuna hewa ya oksijeni wala samaki, kwa hiyo anayekuuzia mita 500 "kwa ajili ya kina cha Nyasa" anakutoa hela bure. Kampango, samaki wa jamii ya kambare, hutafuta chakula usiku, karibu na sakafu ya ziwa, wakati mshipi wenyewe huuoni. Una mkono tu. Upepo wa kusini wa katikati ya mwaka ukivuma, mtumbwi unasukumwa, mshipi unapinda majini kama upinde, na ule mnene ndio unaopinda zaidi kwa sababu maji yana pa kuushika.

Namba moja kwangu, bila kuzunguka, ni uzi wa kusuka wa polithilini, ule wenye herufi PE kwenye boksi. Hunyumbuka asilimia chache tu hata ukikaribia kukatika, na haunywi maji. Kati ya hizo ninapenda Daiwa J-Braid ya nyuzi nane, na sifichi. Chukua ile ya rangi nyingi: rangi inabadilika kila mita 10, kwa hiyo ukihesabu rangi zinavyopita unajua kina chako, na ukimpata samaki kwenye rangi ya sita unarudi hapo hapo. Unene wa milimita 0.28 unabeba zaidi ya kilo 20. Linganisha na nailoni nzuri kabisa, Berkley Trilene Big Game ya paundi 20, ambazo ni kama kilo 9: ina milimita 0.46. Nyembamba ndiyo yenye nguvu zaidi.

Ubaya wa uzi wa kusuka uko kwenye kiganja. Kama unavua kwa mkono, bila fimbo wala rili, ule mwembamba utakukata hadi nyama. Nunua wa milimita 0.40 au zaidi, vaa glavu, au kata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli uvae vidoleni. Usiuzungushe mkononi hata mara moja, hata samaki akiwa mdogo. Na kwa kuwa haunyumbuki, samaki mkubwa akijirusha karibu na mtumbwi anaweza kuchanika mdomo, hivyo mwishoni unga pima mbili za nailoni zipokee ule mshtuko. Fundo la kawaida huteleza kwenye uzi huu. Ukiufunga moja kwa moja kwenye ndoana, bila hiyo nailoni, kunja uzi mara mbili, pitisha kwenye tundu la ndoana, funga fundo jepesi, kisha pitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate, kaza.

Namba mbili ni hiyo hiyo Big Game, kwa anayevua kina cha mita 30 au pungufu. Hapo kunyumbuka hakuumizi sana.

Fluorokaboni, mshipi mwingine wa plastiki wa uzi mmoja, naiweka ya tatu, na ni kwa kipande cha mwisho tu. Inazama vizuri, inastahimili kukwaruzwa na mawe, hainywi maji. Lakini wauzaji wanaosema hainyumbuki wanasema uongo. Inanyumbuka, tena kwa bei kubwa.

Nailoni isiyo na jina iliyozungushwa kwenye kibao: ya kuvulia magege ufukweni, basi.

Wanaoshuka Kilwa au Mtwara kuvua chewa na changu, ushauri ni ule ule, ila chubwi iwe nzito zaidi. Mkondo wa bamvua si wa ziwani.

Sasa wauzaji. Mbeya mjini nimeona mishipi imetundikwa mlangoni juani tangu asubuhi, mwezi baada ya mwezi. Jua huiozesha nailoni kabla haijaona maji, na bei haipungui hata shilingi. Ukiomba kufungua pima moja uifunge kwenye msumari uivute, uone inarudi au imelegea, unaambiwa ukifungua umenunua. Uzi wa kusuka wa nyuzi nne unauzwa kama wa nane. Chukua pini, chambua ncha, hesabu nyuzi pale pale mbele yake. Tena bei inapanda kila hatua, Kariakoo ya Dar, Mwanjelwa ya Mbeya, Kyela, mpaka mvuvi aliye karibu na maji kuliko wote ndiye anayelipa zaidi. Mkinunua kwa kundi la watu wanne au watano mnaweza kuagiza Dar roli za mita 300 na kugawana, badala ya kukatiwa kutoka roli kubwa na mtu anayepima kwa mikono iliyokunjwa viwiko. Mkikatiwa hivyo, pimeni upya kwa mikono yenu kabla ya kutoa pesa.