Mpini wa wembe uliopinda: unafaa kuchanjia mkate gani?

Mpini wenyewe ni kijiti tu cha mbao au chuma, kilichoshika wembe wa pande mbili, ule wa kunyolea ndevu. Mingine hushika wembe ukiwa umenyooka, mingine huupinda. Huu ni wa kupinda, na mkate wa kuupimia ni wa mviringo usiotiwa kwenye bati: unga wa ngano gramu 500, maji gramu 330, chumvi gramu 10, hamira kavu gramu 4.

Mkate huumuka kwa kasi katika dakika kama 10 za mwanzo ndani ya oveni. Usipochanjwa, yaani kukatwa juu kwa wembe kabla ya kuingia ovenini, hupasuka penye udhaifu, mara nyingi ubavuni karibu na kitako au kwenye mshono. Chale huuonyesha pa kufungukia, na hapo ndipo umbo lake linapoamuliwa.

Ulaze wembe nyuzi 30 hivi, ukate kwa kona yake, kina cha milimita 6 hadi 10, kwa mkupuo mmoja. Ukingo wa juu unakuwa ulimi mwembamba. Unga ulio chini yake unakawia kukauka, kwa hiyo mkate unaendelea kufunguka, ulimi unainuka na kukauka kwa rangi ya kahawia. Mpindo wa wembe husaidia hasa hapa, kwani hupita chini ya ngozi ya donge la unga bila kuzama. Kwa kazi hii mpini huu ni mzuri sana.

Kwa chale ya msalaba haufai. Msalaba unataka wembe wima, ufunguke sawa pande zote, na mkate hutanuka zaidi kwa upana. Maua na majani ya mapambo nayo yachorwe kwa wembe ulionyooka, kina cha milimita 2 au 3. Mkate wa bati hauhitaji mpini huu kabisa: kuta za bati zimeshaamua umbo, chale moja ya wima katikati inatosha. Kwa mkate mrefu, mwelekeo wa chale ni muhimu kuliko chombo: ukichanja kufuata urefu, mkate hunenepa, ukikatiza upana, huzidi kurefuka.

Ulimi ukikataa kuinuka, usilaumu mpini kwanza. Chale ikizama mno, ulimi huwa mzito na kulala. Mvuke ukikosekana, ganda hukauka mapema; okea kwenye sufuria nzito yenye kifuniko, nyuzijoto 230, ufunue baada ya dakika 20. Donge lililopitiliza kuumuka hunywea likiguswa na wembe. Libonyeze kwa kidole: shimo likirudi polepole, chanja, lisiporudi kabisa, gusa juu juu tu.

Wembe ukivuta unga na kuacha kingo za kuchanika, ama umekuwa butu ama donge ni laini mno. Nusu saa kwenye friji hukaza ngozi ya donge. Wembe una kona nne, geuza kabla ya kutupa. Ndiyo maana mpini wa plastiki wenye wembe usiotoka haufai kununuliwa.

Asiye na mpini achukue kijiti chembamba cha mishikaki, akipenyeze kwenye tundu la mwisho mmoja wa wembe na kukitokeza mwisho wa pili. Wembe hujipinda wenyewe, na chale ni ile ile. Unapochomeka, shika ncha fupi zisizo na makali.