Refraktomita kwanza, mashine ya povu baadaye

Kwa tangi langu la samaki wa maji ya bahari la lita 120, kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni refraktomita, kipimo cha chumvi. Unadondosha matone ya maji kwenye kioo chake, unachungulia kuelekea mwangani, unasoma chumvi: gramu 35 hivi kwa kilo ya maji. Joto la hapa Mombasa hukausha maji upesi na chumvi hubaki palepale, hivyo unajazia maji yasiyo na chumvi. Hita sikununua, nina feni ndogo juu ya tangi. Pampu ya kuzungusha maji ni lazima. Mashine ya povu, ile inayotoa uchafu majini kwa mapovu, ingoje, mradi samaki ni wachache na unabadilisha maji mara kwa mara. Ila kipimo cha amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, usikikose: samaki hawaingii mpaka kisome sifuri.