Rangi ya mafuta: tabaka kwa tabaka au mbichi kwa mbichi?

Mchoraji Titian wa Venice, Italia, alijenga picha tabaka kwa tabaka. Mchoraji Van Gogh, kule Arles, Ufaransa, mwaka 1888, alipaka rangi mbichi juu ya mbichi, bila kungoja ya chini ikauke. Njia ya tabaka inadai subira. Rangi ya mafuta hukauka kwa kufyonza oksijeni, taratibu mno, na tabaka la juu lazima liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo picha itapasuka. Lakini ngozi ya mtu huonekana kung'aa kutoka ndani, jambo ambalo sijaliona kwingine. Mbichi kwa mbichi ni haraka, ila brashi ikirudi palepale mara ya tatu, njano na zambarau hugeuka tope. Mandhari nazimaliza hivyo. Nyuso nazisubiri zikauke.