ArchiveWeb.page: bure kweli, ila vidole ni vyako

Wiki mbili sasa natumia ArchiveWeb.page, kifaa cha kuhifadhi saiti nzima ili uifungue na kuibonyeza tena baadaye, na leo niwape mrejesho, maana kila nikiitaja watu wanadhani ni kitu cha kupigia skrinshoti. Sio. Skrinshoti nilishapiga mimi zamani, nilikuwa na saiti yangu ya michoro ya kubonyeza, ukigusa redio inaimba, ukigusa mlango unafunguka, siku moja waliokuwa wananihifadhia bure wakafunga virago bila hata meseji, nikabaki na picha saba za mlango uliofungwa.

Hii ni ekstensheni ya Chrome, yaani programu ndogo unayoiongeza kwenye brauza, imetengenezwa na mradi unaoitwa Webrecorder. Unaiwasha, unazunguka kwenye saiti kama kawaida, yenyewe inanasa kila brauza inachopokea, picha, sauti, kodi za programu, vyote, afu unashusha faili moja la WACZ, aina ya faili inayobeba saiti iliyonaswa. Kulifungua unalitupia kwenye ReplayWeb.page, saiti yao ya kuchezesha mafaili hayo, na hupandishi kitu popote, linasomwa humohumo kwenye brauza yako.

Nikaipa mtihani: My Boyfriend Came Back from the War, kazi ya sanaa ya mtandaoni ya msanii Olia Lialina, ya 1996. Ni nyeusi, maneno meupe, vipicha hafifu vya mwanaume na mwanamke, unabonyeza neno fremu inagawanyika, unabonyeza tena inagawanyika tena, mpaka skrini inabaki vijisanduku vitupu. Mara ya kwanza nikabonyeza mara nne tano nikajiona nimemaliza. Kufungua faili, mwanzo safi, nikienda mbele kidogo naambiwa ukurasa haumo! Kosa langu, kwa sababu inahifadhi ulikopita tu, usikogusa hakupo. Nikarudia na daftari mkononi, fremu hii nimeifikisha mwisho, picha hii inafunguka, linki hii inaitika. Na hapo ndo nikaelewa kwa nini watu wa makumbusho wanaandika hali ya kazi ya sanaa kabla ya kuigusa, yaani usipoandika, baada ya miaka mitano utajuaje picha imepotea mikononi mwako au ulikuta ishapotea?

Kazi za Flash, ile teknolojia ya zamani ya katuni na michezo ya kwenye saiti ambayo Adobe waliiacha mwisho wa 2020, ReplayWeb.page inazichezesha kwa Ruffle, programu inayoiga Flash. Za zamani sana ndo zina bahati zaidi, zile za baadaye zilizoandikwa kwa ActionScript 3, lugha ya programu ya Flash, usizitegemee zote. Vitu vinavyoongea na seva, kama kutafuta, chati, kitabu cha wageni, vitabaki sanamu tu. Ukinasa umelogin tumia akaunti ya majaribio, maana taarifa zako zinaweza kubaki ndani ya faili na wewe ukamtumia mtu. Na shusha faili kabla hujaifuta ekstensheni, ukiifuta, ulivyonasa navyo vinaondoka. Ah, na kila kitu ni Kiingereza.

Kitu ambacho haikupi ni ule mwendo. 1996 picha zilikuja polepole kwa modemu, unasubiri, unahisi ule ukimya kati ya hao wawili, leo zinatokea pap. Kwa sura ya enzi zile angalau kuna oldweb.today, unafungua Netscape, brauza ya enzi hizo, ndani ya tabu. Mimi nazitumia zote mbili.

Nyota nne. Saiti yangu naijenga upya kwa kukumbuka na safari hii nanasa kila jioni kabla sijalala, redio inaimba, mlango bado unanigomea.