Kilti za kukodi na ngoma za Scotland kwa harusi ya Mombasa: tulivyohudumiwa

Wale mnaoniuliza kuhusu zile nguo na ngoma za harusi ya dadangu kule Shanzu, naandika yote hapa mara moja manake mko wengi. Kwa kifupi waiteni tu, pesa yetu wameila kihalali, ila kuna mambo mjue mapema.

Shemeji ni wa Glasgow, sisi ni Wagiriama wa Kaloleni tulohamia Kisauni zamani. Akataka watu wake na mashemeji wavae kilti, zile sketi za marinda za wanaume wa Scotland, na usiku kuchezwe ceilidh, ile ngoma yao ya kuingia kila mtu, sio ya kukaa kutazama. Kuagiza nguo nje kamati ikaona ni ghali mno, ndo tukapata hawa jamaa wa Nyali wanakodisha seti nzima na wanaleta mpiga bagpaipu (ile zumari yao ya mfuko), mtu wa akodioni, wa fidla, na dada mmoja wa kuita hatua.

Nguo kwanza. Fundi wao hapimi kama anavopima suruali, kiuno anakishika juu karibu na kitovu, alafu anakupigisha magoti, pindo likilala chini basi ni refu, lapandishwa mpaka likome katikati ya goti. Mbele ni bapa, upande mmoja wapanda juu ya mwengine, marinda yote yako nyuma, na kilti kamili ya sufu yala kitambaa kama mita saba hivi. Bibi yetu alipoyaona yale marinda akayashika, akayapitisha vidoleni moja moja, akasema hii ni hando, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kigiriama, tena imekunjwa na mtu ajuaye kazi. Basi tangu hapo hakuna mzee wa kwetu aliyeuliza mbona wanaume wamevaa sketi. Ile pini ya chini hupigwa kwenye upande wa juu pekee, binamu yangu alishabana pande zote mbili fundi akamuwahi, la sivyo ingechanika akianza kucheza. Na sporran, ule mfuko wa mbele wa mnyororo, ndo utakaoweka simu manake kilti haina mfuko.

Chukueni kitambaa chepesi kama wanavoshauri. Sisi ilikuwa Agosti, kusi yavuma, na bado watu walitota jasho, sasa fikiria Februari.

Babake shemeji alipopewa maiki alitueleza kwamba baada ya vita vya Culloden kule Scotland serikali ya Uingereza ilitunga sheria mwaka 1746 ya kuwakataza wanaume wa milimani kuvaa nguo hizi, haikuondolewa mpaka 1782. Ukumbi ulinyamaza kabisa. Mimi nilifurahi sana kwamba hawa jamaa wanaziheshimu, kila kilti yaja imepigwa pasi rinda kwa rinda, hawakutuletea vitu vya maigizo.

Sasa ngoma, hapa ndo pesa yetu ilirudi. Yule dada aita hatua kwa Kiswahili, polepole, mwaipitia bila muziki kwanza ndo bendi inaingia. Alianza na Dashing White Sergeant, watatu wanakabili watatu, wanashikana mikono duara kushoto alafu wanarudi kulia, na hii ni nzuri sana kwa harusi zetu manake huhitaji mume wala mke, shangazi wawili na kijana katikati wanatosha. Alafu Strip the Willow, laini mbili zinatazamana, wale wa juu wanazungushana alafu wanashuka na laini, mkono wa kulia kwa mwenzio, wa kushoto kwa mtu wa laini, kulia, kushoto, mpaka chini, na dada akikosa kuita kwa sauti wote mnagongana. Mama zetu walifunga leso viunoni wakaingia na hakuna aliyetoka.

Kitu nilichokipenda kushinda vyote, walikubali kufanya mazoezi na wapigaji wetu wa sengenya, ngoma ya Wadigo, kutoka Kwale. Strip the Willow yachezwa kwa jigi, mwendo wa mapigo sita (sita kwa nane), na chakacha yetu ya pwani waliyoizoea nayo yaenda hivyo hivyo, kwa hivyo wale vijana wa ngoma hawakufundishwa kitu, walisikiza kidogo tu wakaingia. Mzee wa nzumari akavimbisha mashavu, pumzi haikatiki, pembeni yake yule wa bagpaipu pumzi yake iko ndani ya mfuko chini ya kwapa. Zote mbili zalia kwa ulimi wa pacha, wa nzumari uko mdomoni, wa bagpaipu umefichwa ndani ya filimbi yake. Sauti hazikulingana sawasawa, bagpaipu ina tyuni yake haibadiliki, lakini kwa zamu, huyu akimaliza yule anajibu, watu walilia wallahi.

Lawama zangu. Saizi kubwa hawana za kutosha, wajomba wawili wenye matumbo walipata zao usiku wa kuamkia harusi na hiyo si haki, tulishapeleka vipimo mapema. Bagpaipu ndani ya hema ni kelele kupita kiasi, mwambieni apigie nje wageni wakiingia. Na unyevu wa pwani waziharibu zile ndimi za matete, alisimama kurekebisha mara kwa mara, kwa hivyo msimpange mfululizo kwenye programu.

Diposti yetu ilirudi yote baada ya nguo kukaguliwa, ila soksi iliyopotea walikata. Harusi za Disemba washikeni mapema, na mazoezi na wapiga ngoma wenu muyaandike kwenye mkataba, bila hivo watawaletea bendi yao peke yake.