Zotero, muhula mmoja, bando la kuunga unga

Muhula uliopita mhadhiri alizungushia wino mwekundu nukuu yangu kuhusu manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, akaandika pembeni: "Ukurasa wa ngapi?" Sikuwa nao. Nilikuwa nimenakili kwenye daftari bila ukurasa. Nikarudi maktaba ya mkoa, ile ya King George VI, nikafunua kitabu kinene kutwa nzima nikitafuta sentensi moja. Sikuiona. Ndipo binamu yangu akaniwekea Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, kwenye laptopu.

Ni ya bure. Ilianza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Lakini haikutafutii makala, na hapo wengi wanakosea. Kutafuta ni kazi yako. Mada yangu ya soshiolojia ni wajukuu wa manamba waliobaki Tanga, na kwenye Google Scholar nilipoandika "manamba Tanga" niliambulia vitu vya kuhesabu. Nilipobadili kuwa "sisal labour Tanganyika" mlango ukafunguka, maana makala za zamani zinasema Tanganyika. Kisha nikaongeza SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanza kuandikisha vibarua mwaka 1944. Neno hilo moja lilinipa makala bora kuliko yote. AJOL nayo (tovuti ya African Journals Online) ipitie, ina majarida mengi ya Kiafrika ya kusoma bure.

Sasa Zotero inaingia. Ukiwa kwenye ukurasa wa makala unabofya kitufe chake juu ya kivinjari. Jina la mwandishi, mwaka, jarida na kurasa vinaingia vyenyewe, na PDF kama iko wazi. Vitabu vya maktaba navipiga picha nyuma, nikifika nyumbani naandika ile namba ya ISBN, inayokitambulisha kila kitabu, taarifa zinajijaza. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kila kitu kinakaa kwenye laptopu yako. Nashusha makala usiku bando likiwa rahisi, mchana nasoma dukani bila intaneti.

Mafaili niliyapanga kwa maswali yangu: Kuandikishwa, Kambini, Waliobaki. Makala moja inakaa kwenye mafaili mawili bila kurudufiwa, kama mama mmoja mwenye hisa kwenye vikoba viwili. Ukipaka rangi sentensi ndani ya PDF, ukurasa wake unabaki umeandikwa hapo. Hilo tu, kwangu mimi, lingetosha.

Ila usiiamini kwa macho yaliyofumba. Inachukua inachokikuta. Tovuti moja, jina silitaji, ilimwandika "Salaam, D." kama mwandishi, ni Dar es Salaam, mji uliochapisha kitabu! PDF za zamani zilizopigwa skana zinaingia bila jina wala mwaka, unajaza kwa mkono. Na nafasi ya bure ya kuweka nakala mtandaoni ni MB 300 tu, skana chache zinaimaliza. Mimi nimezima kupandisha mafaili, taarifa tupu ndizo zinazopanda, PDF nazihifadhi kwenye diski ya pembeni.

Mwisho, majina yetu. Kuna mstari wa Shaaban Robert niliutumia kufungulia kazi, na mimi mwenyewe nilijaza jina lake kwenye visanduku viwili, la kwanza na la mwisho. Orodha ya marejeo, ambayo Zotero huitengeneza yenyewe ndani ya Word, ikatoka "Robert, S." Mhadhiri akanipigia: "Dada, huyu Robert ni mzungu wa wapi?" Mzungu! Mzaliwa wa Vibambani, hapa hapa Tanga. Kumbe pembeni ya jina kuna kialama cha kuunganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Nikakibonyeza, nikarudi Word, nikaagiza orodha ijipange upya. Sasa yuko kwenye herufi S, Shaaban Robert, jina zima.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imekwenda na MB 300.