Spaiki za mivumba (mitumba) Owino: kwa mkimbiaji wa mita 800 mwenye mfuko mwepesi

Ingia Soko la Owino, Kampala, kwa upande wa uwanja wa Nakivubo, kisha ulizia mama wa Bukavu anayeuza viatu vya michezo. Kibanda hakina bango. Raba za kawaida amezipanga mbele. Spaiki, yaani viatu vya mbio vyenye misumari kwenye soli, zimo kwenye gunia nyuma ya kiti chake, na usipozitaja hazitoi, maana wateja wengi wakiona misumari wanafikiri ni njumu zilizoharibika.

Mimi nafundisha mbio vijana wakimbizi hapa Kampala, wengi Wakongomani, na kwa bei za madukani tungekuwa bado tunatazama kioo. "Kocha, leo kuna mali!" ndiyo salamu yake. Mali ipo kweli, ila uijue mwenyewe. Sehemu kubwa ni spaiki za mita 100 na 200: bamba gumu toka vidoleni hadi kisiginoni, bila sponji nyuma. Mvalishe mtu wa 800 hizo uone vigimbi vitakavyokaza mzunguko wa pili. Za mbio za kati hupinda ukizikunja kwa mkono, na kisiginoni zina sponji kidogo. Mama hatofautishi. Kwake zote ni "za Cheptegei", yule bingwa wa Uganda wa mbio ndefu, na bei hupanda kwa jina hilo.

Wazazi nao wana jina lao: Rose Nathike Lokonyen, yule binti wa Sudan Kusini aliyekimbia peku kwenye mchujo wa timu ya wakimbizi, kambini Kakuma, Kenya, akashika nafasi ya pili. Nikiomba mchango wa viatu naambiwa, "Mwalimu, mbona Rose alikimbia peku?" Nawajibu kwamba kwenye Olimpiki ya Rio 2016, alipobeba bendera ya timu ya wakimbizi na kukimbia 800 kwa 2:16.64, alikuwa na viatu. Hapo wengine hutoa hela, wengine huaga.

Nikishika jozi, kwanza nafungua misumari yote. Beba ufunguo wako wa misumari, kibandani hakuna. Msumari ulioganda kwa kutu huondoka na uzi wa tundu, na tundu lililokufa halitengenezeki. Urefu nao upime: kwenye uwanja wa tatani (sakafu ya mpira) kama Namboole mwisho ni milimita 9, na nyingi za gunia hili huja na misumari mirefu ya mbio za nyika. Sisi tunafunga ya 6. Kanuni ya soli isiyozidi milimita 20, iliyoanza Novemba 2024, haitusumbui; viatu hivi vya zamani ni vyembamba kama chapati ya jana.

Ninachompendea huyu mama ni kwamba anamwachia mkimbiaji wangu avae na kukimbia kidogo uchochoroni, watu wanapisha huku wakicheka. Kiatu kikibana, anabadilisha bila kununa. Lakini hakikisha namba za miguu yote miwili. Niliwahi kuonyeshwa 39 na 40 zimefungwa kamba pamoja.

Alianza na shilingi 90,000, tukamaliza kwa 60,000, misumari juu yangu. Kwa jozi ya mbio za kati isiyo na ufa kwenye bamba, nalipa tena. Kwa ya mita 100, hata akinipa bure namwachia. Nenda asubuhi belo linapofunguliwa. Mchana hubaki namba 45 tu.